Ampli ndogo mpya na ampli ya zamani: ipi itatufaa?



Kuko mabishano makali katika internati yetu. Wengine wanasema tuuzishe ampli kubwa ya sale, ile inayobebwa na watu wawili, tununue moja ya hizi mpya zinazoenea katika kiganja. Wengine wanacheka: kitu chepesi kama kibiriti kitasukuma bafle mbili namna gani? Sisi wa darasa la sita tulipewa kazi ya kufasiria jambo hili mbele franka za mchango hazijatumiwa. Franka hizo ni za wazazi wanaouzisha mihogo na mafuta ya ngazi, haifai zipotee bure.

Kwanza tujue ampli inafanya nini. Sauti inayoingia katika mikro inakuwa umeme mdogo sana. Ampli inakamata nguvu ya batri na kuifananisha na ule umeme mdogo, mpaka inaweza kutikisa karatasi ya bafle. Basi ulizo ni hili: katika nguvu inayotoka kwa batri, ngapi inafika kwa bafle, na ngapi inageuka moto tu?

Katika ampli za zamani, transista ni kama robine iliyofunguliwa nusu. Nguvu isiyopita inabaki pale na kuwa moto. Ile inayoitwa klasi A inakula umeme hata kama hakuna mtu anayesema, na hata kwa hesabu ya juu kabisa haipite 50 kwa 100. Klasi B inaweza kufika karibu 78 kwa 100, lakini ni wakati sauti iko ya mwisho tu. Ampli nyingi za nyumba ni klasi AB, katikati ya hizo mbili, na kwa sauti ya kawaida zinapoteza sana. Ndiyo maana ziko na transfoma nzito na vyuma vya kupoza moto.

Klasi D inafanya kazi ingine. Muwaze mtu wa pikipiki anayeshuka mlima. Mmoja anatia gazi na kukanyaga freno pamoja: freno inaungua na esanse inaisha. Mwingine anatia gazi kidogo, anaacha, anatia tena: anafika bila hasara. Transista ya klasi D inafunguka yote ao inafungika yote, haikae nusu. Inafanya vile mara mamia ya maelfu katika segonde moja. Kisha bobini na kondansateri zinalainisha ile mipigo, na kwa bafle kunatoka sauti tu. Kwa hiyo inaweza kupita 90 kwa 100. Na D haina maana ya dijitali, ni herufi tu iliyofuata A, B na C.

Wazo hili si la jana. Katika mwaka wa 1964 Clive Sinclair wa Uingereza aliuzisha ampli ya namna hii, X-10, lakini haikufaulu, sababu transista za wakati ule zilikuwa za polepole. Kisha transista za mbio zilipatikana. Katika miaka ya kwanza ya 2000, Bruno Putzeys wa Ubelgiji alitengeneza klasi D ambayo hata watu wenye masikio magumu ya kupendeza waliikubali. Kwa hiyo wanaosema «sauti yake ni mbaya tu» wanasema habari ya zamani.

Sasa tufanye hesabu ya hapa Hombo, kwa sababu umeme wetu ni wa pano ya jua na moteri. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 iko na wati-saa 1.200. Ili isiharibike upesi, tutumie nusu, 600. Tuseme kwaya inahitaji wati 10 za katikati. Ampli ya zamani, pamoja na konvertisa ya volti 220, ikikula wati 60, batri itafanya saa 10. Ile ndogo, iliyofungwa moja kwa moja kwa batri, ikikula wati 15, itafanya saa 40. Hapa ndipo ushindi wake uko.

Lakini msikimbilie duka. Kuko mambo ine ya kuangalia.

1. Wati za karatoni ni uongo mara nyingi. Kwa volti 12 na bafle ya omu 4, ampli isiyo na kitu cha kupandisha volti haitoe sauti safi kupita wati 18 kila upande, hata kama wameandika 100. Kwa omu 8 ni wati 9 tu.

2. Kwa mkutano wa inje tunaweza kuunga batri mbili kwa volti 24, wati zinaongezeka karibu mara ine. Lakini chipi moja inayojulikana sana, TPA3116, mwisho wake ni volti 26. Batri mbili zikiwa zinashajiwa na pano zinapita 28. Inaweza kuharibika! Mtoe pano kwanza.

3. Ile mipigo ya mbio inaweza kuvuruga radio. Ampli ikae mbali na anteni, na nyuzi za bafle ziwe fupi.

4. Ampli ya zamani ikipata pane, fundi anabadilisha transista moja kwa fer ya kusude. Ndogo ikikufa, mara nyingi ni kutupa. Na mkigeuza plusi na minusi, inaweza kufa papo hapo.

Tena bafle yenyewe ni nusu ya kazi. Bafle inayopita ingine kwa desibeli 3 inatoa sauti ileile kwa nusu ya wati.

Neno letu ni hili: kwa kazi ya kila siku, ndogo inaweza kushika nafasi ya kubwa, juu ya batri yetu. Tununue mbili, moja ikae ya akiba, pamoja na fuzibu. Ile ya zamani tusiiuzishe. Siku ya sikukuu, moteri ikiwaka na watu wakijaa mpaka inje, bado itatusaidia.

Mwenye ulizo atukute kisha masomo, alete na kalamu.