Geji ya Kufyonzea Ute: Je, Namba Yake ni ya Kweli?

Mtoto mchanga anapozaliwa na njia yake ya hewa ikawa imezibwa na ute, mhudumu huingiza mrija mwembamba na kuwasha mashine ya kufyonza. Mvuto haupaswi kuzidi milimita 100 za zebaki, na kipimo hicho husomwa kwenye geji ya mashine. Geji ikionyesha 100 ilhali mvuto halisi ni 160, utando laini wa koo huweza kuchubuka na kuvuja damu. Ikionyesha 100 ilhali mvuto ni 50, ute hubaki palepale na muda wa kuokoa maisha hupotea.

Ndani ya geji nyingi za mshale mna bomba bapa la chuma lililopindwa. Hewa inapopungua ndani yake, bomba hujikunja zaidi na kuusogeza mshale. Matumizi ya miaka mingi, mitikisiko na kutu huliharibu polepole. Mshale kurudi sifuri mashine inapozimwa si ushahidi wa kutosha, kwani geji huweza kuwa sahihi penye sifuri na kukosea penye 100.

Tiba ya kasoro hii ni ugezi, yaani kulinganisha kifaa na kipimo kinachoaminika zaidi. Fundi wa vifaa tiba huunganisha geji ya wodini na geji rejea kwenye mrija mmoja, kisha huzisoma hatua kwa hatua, mvuto ukipanda na ukishuka. Geji rejea nayo hulinganishwa na vipimo vya taifa, ambavyo nchini Tanzania husimamiwa na TBS na nchini Kenya na KEBS.

Mnyororo huo hukomea kwenye kipimo cha msingi, kisichohitaji geji nyingine kukithibitisha. Kimojawapo ni safu ya zebaki, iliyobuniwa na Mwitalia Evangelista Torricelli katika karne ya 17: kimo cha safu, msongamano wa zebaki na nguvu ya mvutano wa dunia hutoa shinikizo kwa hesabu. Kingine ni pistoni yenye eneo linalojulikana, ikibebeshwa mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana.

Kwa hiyo, mhudumu asome kibandiko cha ugezi kabla ya kuitegemea mashine. Tarehe ikiwa imepita, au kibandiko hakipo, amwarifu fundi mapema, kabla mama mwenye uchungu hajafika mlangoni.