Jino la Mjukuu na Ahadi ya Babu

Mtu wa pwani akitajiwa Embu, aghalabu la kwanza kumjia kichwani ni muguka. Mimi nilikwenda kwa jambo jingine. Binti yangu anasomesha shule moja karibu na Kanja, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, nami nilikwenda kumtazama yeye na mjukuu wangu wa miaka 5. Mkobani nilikuwa na ratili mbili za haluwa na kashata chungu nzima. Nilimkuta mtoto shavu limevimba, na haluwa akaikataa. Hapo nikajua kuwa mambo si mambo.

Binti yangu akanieleza. Wiki tatu nyuma alimpeleka mahali fulani, ambapo sitapataja, kwa ajili ya jino hilohilo. Mtoto aliambiwa, "Haiumi, hutasikia chochote." Kisha akakamatwa mikono na miguu, kinywa kikafumbuliwa kwa nguvu. Jino halikutoka. Tangu siku hiyo alikuwa hafungui mdomo hata kwa mswaki.

"Mwambie wewe, Baba," akasema binti yangu. "Mwambie haiumi. Wewe atakuamini."

Usiku ule sikulala, na baridi ya Kanja haikuwa sababu pekee. Nilikumbuka chuoni kwetu, tulipokaa jamvini, mwalimu akitusimulia hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya Abdullahi bin Amir alipokuwa mtoto. Mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa ameketi nyumbani kwao. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Sisi watoto wa chuoni tuliipenda mno hadithi ile kwa kuwa ilikuwa upande wetu. Sasa mimi ndiye babu, na haiko tena upande wangu.

Asubuhi nilimpakata mjukuu. "Bwanangu," nikamwambia, "leo utachomwa sindano ufizini. Itauma kama aumavyo siafu. Wewe hesabu mpaka kumi. Kisha mdomo utakufa ganzi, utauona mkubwa kama wa ng'ombe. Jino likivutwa utasikia unasukumwa."

"Nitalia?"

"Huenda. Kulia ruhusa."

Akafikiri kitambo, halafu akaenda kutafuta viatu vyake.

Tukapanda matatu hadi Embu mjini. Daktari alikuwa binti wa makamo ya mwanangu. Alimsalimu mtoto kabla ya kunisalimu mimi, akamshikisha kile kioo kidogo chenye mpini, akamwacha acheze na kiti kinachopanda na kushuka. Ndipo akamwuliza ni gego lipi linalouma. Kwa Kikuyu, lugha iliyo jirani mno na Kiembu, igego ni jino lolote. Kwetu sisi gego ni lile la nyuma tu. Siku hiyo hapakuwa na haja ya ubishi, maana lilikuwa gego kwa lugha zote mbili.

Nilidhani, kama wengi wetu, kwamba jino la utotoni halina thamani kwa kuwa litang'oka tu. Daktari akanisahihisha kwa adabu. Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 au 12, nayo huyashikia nafasi meno ya ukubwani. Yakitoka mapema, yaliyo jirani huegemea, na yajayo huota kombo. Tena mtoto akikaribia miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni la utotoni, akaliacha lioze, na hilo halina badala. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa 2015 uliona meno yaliyooza kwa karibu nusu ya watoto wa miaka 5 nchini Kenya. Mtoto, akasema, aletwe mara ya kwanza akitimiza mwaka mmoja, asingojewe mpaka avimbe.

Kisha akauliza mtoto hula nini. Binti yangu akanitazama. Nikakiri haluwa, nikakiri na kashata ninazompelekea kila apatikanapo msafiri. Daktari hakunigombeza. Alisema kila tonge la sukari huwapa vijidudu vya mdomoni kazi ya kutengeneza asidi kwa kama nusu saa. Kwa hiyo anayedonoa siku nzima huyaumiza meno kuliko anayekula mara moja pamoja na chakula. Nikajitetea kwa mswaki wa mti, kwamba ni Sunna na sisi twaufuata. "Ni mzuri, mzee," akasema, "lakini mkono wa mtoto wa miaka 5 hauwezi kazi hiyo peke yake. Msugueni nyinyi, kila usiku, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere."

Sindano ilipoingia, mjukuu alinibana kidole, machozi yakamtoka, akahesabu. Alipofika saba akanigeuzia macho. Jino likatoka, na usaha kwenye mzizi wake. La jirani lilikuwa limeanza kutoboka, tukapangiwa kurudi kuliziba.

"Nitarudi," akasema kwa mdomo wa ng'ombe, "lakini uniambie kwanza kama ni siafu au ni nyuki."

Nikamwambia nitamwuliza daktari.

Nyumbani nikamfunza kurusha jino juu ya paa, kama tulivyofanya sisi. Paa letu lilikuwa la makuti, likilimeza jino mara moja. Mabati ya Kanja yalilirudisha likibingirika hadi miguuni pake, mara tatu, naye akicheka kwa upande mmoja wa uso. Mara ya nne likanasa kwenye mfereji wa maji ya mvua. Haluwa binti yangu aliwagawia walimu wenzake, akabakisha kipande kimoja cha mchana wa Ijumaa.