Je, Waijua Bunduki Iliyo Mkononi mwa Mwanao?

Ilikuwa Jumapili mchana. Tulikuwa tumekwisha kula, na vyombo vilikuwa uani vikisubiri kuoshwa. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, alikuwa amekuja kutoka Musoma kukaa nasi wiki mbili. Kijana wangu wa miaka 13 alikuwa amejilaza mkekani na simu ya baba yake, vidole vikikimbia juu ya kioo. Mara ikasikika milio ya risasi. Baba mdogo akaacha kuchokonoa meno, akainama kuchungulia.

“Mjukuu wangu, hiyo SMG umeipata wapi?”

Kijana akacheka. “Siyo SMG, babu. Hii ni AK.”

“Ni ileile,” mzee akasema. “Sisi tuliiita SMG. Niliibeba mwaka 1979, tangu Kagera mpaka tukaingia Uganda. Nililala nayo kama mto.”

Kijana akainuka, akakaa vizuri. Hajawahi kuketi karibu na babu yake kiasi kile. Akaanza kumweleza mchezo unavyokwenda, na mzee akasikiliza kwa makini. Kisha akauliza, “Na hawa wanaokufa humo, huzikwa na nani?”

“Hawazikwi, babu. Mtu akifa linabaki sanduku tu. Unachukua vitu vyake, unaendelea.”

Baba mdogo hakusema neno. Alirudi kitini, akaomba maji ya kunywa.

Mpendwa msomaji, swali lile lilininyima usingizi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita nyuma ya mwanangu na kutamka neno moja tu: “Zima!” Sikuwahi kutazama kilichomo. Nilijua ni mambo ya bunduki, basi. Lakini mzee ambaye hajacheza mchezo wa simu maishani mwake aliona kwa mara moja jambo ambalo mimi, mama mzazi, sikuliona kwa mwaka mzima. Bunduki ile si ya kubuni. Iko duniani. Ina mtu aliyeiunda, ina uzito begani, na ina makaburi nyuma yake.

Basi niliamua kujifunza, na mwalimu wangu akawa mwanangu mwenyewe.

JINA LA BANDIA, BUNDUKI YA KWELI

Nyingi kati ya bunduki zinazoonekana katika michezo ya vita zimechorwa kwa kufuata bunduki halisi. Kinachobadilika mara nyingi ni jina tu.

Chukua mfano wa mchezo wa GoldenEye 007, uliotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Rare ya Uingereza. Bastola ya James Bond ni Walther PPK ya Ujerumani, lakini katika mchezo huo imeitwa PP7. AK ya Warusi imeitwa KF7 Soviet. Katika Counter-Strike, mchezo wa kompyuta ulioingia madukani mwaka 2000, AK iliitwa CV-47. Na katika Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, bunduki za ukoo wa AK zimepewa jina la Kastov, na MP5 ya kiwanda cha Kijerumani cha Heckler & Koch imeitwa Lachmann.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Jina la bunduki na alama yake ni mali ya kiwanda, kama vile jina la soda lilivyo mali ya kampuni inayoitengeneza. Anayetaka kulitumia anaweza kutakiwa kuomba ruhusa na kulipa. Hivyo watengenezaji wengi wa michezo hubadili jina na kuacha umbo. Ni kama mtu aliyebadili jina lakini sura ikabaki ileile: wanaomjua watamtambua tu.

Mingine haifichi kitu. Free Fire, mchezo wa simu uliotoka mwaka 2017 na unaopendwa sana na vijana wetu, una AK47, MP40, M1887 na AWM. MP40 ni silaha ya jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. M1887 ni bunduki ya marisau ya kampuni ya Winchester ya Marekani. AWM ni ya walenga shabaha wa mbali, na asili yake ni Uingereza.

JINSI YA KUITAMBUA

Usiogope, mama. Kuitambua bunduki si kazi ngumu kuliko kutambua vitenge vya kila kiwanda, na sisi tunavitambua tukiwa mbali.

Kwanza, tazama namba. Mara nyingi ni mwaka. AK-47 inahesabiwa mwaka 1947, MP40 mwaka 1940, na M1887 mwaka 1887. Lakini si kila namba ni mwaka, kwa hiyo usiishie hapo.

Pili, tazama magazini, yaani kile chombo cha kuwekea risasi. Ya AK imepinda kama ndizi. Haikupindwa kwa urembo. Maganda ya risasi zake yamepungua unene kuelekea mbele, na yakipangwa mengi pamoja yanafanya mkunjo wenyewe.

Tatu, tazama kitako, sehemu inayoegemezwa begani. AK ya zamani ina kitako cha mbao. MP40 ina kitako cha chuma kinachokunjwa.

Nne, tafuta makosa. Mwanangu alifurahi sana tulipogundua kwamba katika Counter-Strike ya zamani AK imechorwa na kishikio cha kukoki upande wa kushoto, wakati bunduki halisi inacho upande wa kulia. Alimkimbilia babu yake kumwuliza. Mzee akafumba macho, mkono wake wa kulia ukajongea wenyewe hewani, kisha akasema, “Kulia.” Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40, na mkono ulikuwa bado unakumbuka.

Wako hata wataalamu wa kazi hii. Katika mji wa Leeds, Uingereza, iko makumbusho ya silaha iitwayo Royal Armouries. Mtunzaji wa bunduki wa makumbusho hayo, Jonathan Ferguson, amejulikana kwa kutazama michezo mbele ya kamera na kueleza kila bunduki imetokana na ipi, na mchoraji amekosea wapi.

NANI ANAFAIDIKA?

Hapa, mama mwenzangu, tutulie kidogo. Mtoto anapojua majina ya bunduki kuliko majina ya shangazi zake, kuna anayefaidika.

Mwaka 2012, kampuni ya EA ilipokuwa ikitangaza mchezo wa Medal of Honor: Warfighter, tovuti ya mchezo huo iliwaelekeza wachezaji kwenye tovuti za watengenezaji wa silaha. Watu walipolalamika, maelekezo hayo yaliondolewa. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilisema imeacha mikataba ya leseni na viwanda vya bunduki, ingawa ilishikilia kwamba ina haki ya kuendelea kuzionyesha.

Tarehe 24 Mei 2022, kijana mwenye bunduki aliwaua wanafunzi 19 na walimu 2 katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas. Miaka miwili baadaye familia za waliouawa zilikishtaki kiwanda cha bunduki ile pamoja na kampuni ya Activision, yenye mchezo wa Call of Duty. Zilidai kwamba mchezo uliwatangazia vijana silaha. Hayo ni madai ya wazazi wenye uchungu, na kuyaamua ni kazi ya mahakama. Lakini kila mama anaelewa maana ya jina linaloimbwa nyumbani kila siku: mwisho wake mtoto hulitamani.

JE, MCHEZO UTAMFANYA MWANANGU KUWA MWUAJI?

Tusitishane bure. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitamka mwaka 2020 kwamba michezo ya kikatili ina uhusiano mdogo na ukali wa watoto, kama kupiga kelele na kusukumana. Lakini kilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha na mauaji. Mamilioni ya vijana hucheza na hawamdhuru mtu.

Hata hivyo upo uchunguzi mmoja ambao kila mama angepaswa kuujua. Uliochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, uliwahusu watoto wa miaka 8 hadi 12. Wengine walicheza mchezo wenye bunduki, wengine wenye panga, wengine usio na silaha. Kisha waliachwa katika chumba chenye bastola halisi, ambazo zilikuwa zimeharibiwa zisiweze kufyatua. Katika waliozikuta baada ya kucheza mchezo wa bunduki, watoto 62 hivi katika kila 100 walizigusa. Katika waliocheza mchezo usio na silaha, waligusa 44 hivi katika kila 100.

Isome tena hesabu hiyo. Hata ambao hawakuona bunduki mchezoni, karibu nusu yao waligusa! Kwa hiyo kuzima simu peke yake hakutoshi. Penye gobole la babu nyuma ya mlango, au bunduki ya mlinzi iliyoegemezwa dukani, mtoto wako atafanya nini? Mfundishe kwa maneno haya machache: usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima.

MOYO WA ALIYEIUNDA

Mikhail Kalashnikov alizaliwa mwaka 1919 katika familia ya wakulima wa Urusi. Mwaka 1941 alijeruhiwa vitani akiwa askari wa vifaru, na akiwa hospitalini alianza kuwaza bunduki mpya ya kuilinda nchi yake. Mwaka 1949 jeshi la Kisovieti liliipokea AK. Tangu hapo zimetengenezwa kwa makumi ya mamilioni, nazo zimefika Kongo, Burundi, Uganda na Msumbiji.

Mwaka 2012, akiwa na miaka 92, mzee huyo alimwandikia barua Kirill, mkuu wa Kanisa la Orthodox la Urusi. Alieleza maumivu ya roho yasiyovumilika, akauliza kama yeye, Mkristo na mtoto wa wakulima, ana hatia ya vifo vya watu waliouawa kwa bunduki yake. Alifariki Desemba 2013, na barua hiyo ikachapishwa gazetini mwezi uliofuata.

Nilimsimulia mwanangu habari hiyo usiku, umeme ukiwa umekatika. Alinyamaza muda mrefu. “Kumbe aliyeitengeneza naye aliwafikiria,” akasema.

BUNDUKI KWA CHEREHANI

Bendera ya Msumbiji, tangu mwaka 1983, ina bunduki hiyo pamoja na jembe na kitabu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo vilikwisha mwaka 1992, lakini silaha zilibaki vijijini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kuzikusanya. Aliyeleta bunduki alipewa cherehani, baiskeli, jembe au mabati. Bunduki zilikatwakatwa, na vipande wakapewa wasanii.

Mmoja wao, Cristóvão Canhavato aitwaye Kester, aliunda kiti mwaka 2001. Leo kimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Nilimwonyesha mwanangu picha yake bila kumwambia ni nini. Alikitazama, akasogeza uso. “Mama, hiki ni kiti cha bunduki! Hiyo ni AK.” Ujuzi alioupata mchezoni ulikuwa umemfikisha mahali pengine.

MAMA UFANYE NINI?

1. Keti naye kabla ya kumkemea. Mwombe akutajie bunduki tatu za mchezo wake, kisha mtafute pamoja asili ya kila moja.

2. Tazama umri uliowekwa. Michezo mingi ya Call of Duty imepangiwa watu wa miaka 17 au 18 na kuendelea. Ukisema “bado”, umwambie na sababu.

3. Mkutanishe na wanaojua. Mjomba aliyekuwa askari, au jirani aliyekimbia vita, ana mambo ambayo mchezo hauyasemi. Lakini mwulize kwanza kama yuko tayari kusimulia, kwa maana si kila kidonda hupenda kuguswa.

4. Zungumza na baba watoto. Simu ni yake, na saa za kucheza muwe mmezipanga wote wawili.

Siku ya baba mdogo kuondoka, kijana wangu alimbebea begi mpaka stendi. Tukiwa tunasubiri basi, akauliza kwa sauti ya chini, “Babu, rafiki zako waliokufa, wao walizikwa na nani?”

“Na sisi wenyewe, mjukuu wangu,” mzee akajibu. “Wengine wako Kaboya, mkoani Kagera. Ukifunga shule, nitakupeleka.”

Kisha akaanza kumtajia majina, moja baada ya jingine. Mwanangu alikuwa na simu mkononi, lakini safari hii alikuwa akiyaandika.