Mwalimu na Ayasome Makosa Kabla ya Kuyakosoa

Neno 'shabaha' lina maana tatu ambazo kila mwalimu wa Kiswahili anazifahamu. Kwanza, ni kitu kinacholengwa. Pili, ni ustadi wa kulenga. Ndiposa tukasema kwamba mwindaji fulani ana shabaha. Tatu, ni kusudio, na ndiyo maana walimu wameliandika kwa miaka mingi katika maandalio ya masomo. Ajabu ni kwamba twaithamini maana ya tatu na kuisahau ya pili. Twamtajia mwanafunzi shabaha ya somo, lakini kulenga hatumfundishi.

Fikra hii ilinijia niliposoma kuhusu mafunzo ya kulenga shabaha kwa bunduki yanayofanywa Marekani mwishoni mwa juma. Mpango huo, uitwao Project Appleseed, ulianzishwa mwaka 2006 na huendeshwa na wakufunzi wa kujitolea. Wazazi hufika pamoja na watoto wao, baadhi yao wakiwa hawajapata kushika bunduki maishani. Hutumia bunduki ndogo za kipimo cha .22, na shabaha huwekwa umbali wa mita 25. Wapumzikapo husimuliwa habari za tarehe 19 Aprili 1775, siku ambayo vita vya uhuru wa nchi hiyo vilianza huko Lexington na Concord.

Sisemi bunduki ziletwe shuleni. Hapa Kenya silaha hizo hudhibitiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na ni vyema iwe hivyo. Kilichonivutia ni ufundishaji wenyewe.

Kabla ya yote hufundishwa usalama: mdomo wa bunduki uelekezwe pasipo na hatari, risasi zisitiwe mpaka amri itolewe, na kidole kisiguse kifyatulio mpaka shabaha iwe imekwisha kulengwa. Kisha huja hatua za kulenga, moja baada ya nyingine: kulinganisha alama za kulengea, kutuliza pumzi, kufyatua taratibu bila kuishtua bunduki.

Mwanafunzi akishapiga risasi kadhaa, mkufunzi hakimbilii kuhesabu zilizopata katikati. Hutazama jinsi vishimo vilivyokaa. Vikiwa vimesongamana pamoja, hata kama ni mbali na katikati, mkono wa mpigaji ni thabiti. Zinazohitaji kurekebishwa ni alama za kulengea. Vikiwa vimetapakaa huku na huko, alama haziguswi, kwani tatizo limo katika mkao, pumzi au kidole. Maradhi mawili, tiba mbili.

Wanaisimu tuna somo kama hilo. Mwaka 1967 S. Pit Corder alichapisha makala iliyotenganisha makosa yenye utaratibu, yanayofichua kanuni aliyojijengea mwanafunzi akilini, na mitelezo itokanayo na uchovu au usahaulifu. Tuseme mwanafunzi mmoja ameandika 'jina yangu', 'gari yangu' na 'jicho yangu'. Vishimo vyake vimesongamana: ameishika kanuni moja na kuitumia pasipofaa. Mfundishe ngeli ya LI-YA, na makosa hayo yatarekebika kwa pamoja. Mwingine ameandika 'jina langu', kisha 'jina yangu', na chini yake 'jina changu'. Huyu bado hajashika kanuni yoyote. Ahitaji mazoezi ya taratibu.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ya upili, sikuijua tofauti hii. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeandika 'kurara' badala ya 'kulala', na 'mrango' badala ya 'mlango', ukurasa baada ya ukurasa. Kila mara nilimkata alama, nikidhani ana makosa ishirini. Kumbe kosa lilikuwa moja tu: lugha yake ya kwanza haikuwa na sauti 'l'. Muhula ulipokwisha, alikuwa ameacha kuinua mkono darasani. Nilichomfundisha ni woga.

Najua kwamba madarasa yetu yamefurika na muda ni mchache. Hata hivyo, mwalimu aweza kuchagua madaftari matano kila juma, akaweka kando kalamu nyekundu na kuuliza: makosa haya yamesongamana au yametapakaa? Nanyi wanafunzi, daftari likirudi limejaa wino mwekundu, msihesabu makosa na kukata tamaa. Yapangeni yanayofanana pamoja. Huenda mkagundua kwamba yote ni kosa moja, nalo lina dawa.