Penzi la Lifti Lililozaa Albamu

Jumamosi moja usiku mimi na mume wangu tulikuwa sebuleni kama wapangaji wawili: yeye na simu yake, mimi na yangu. Tulishamaliza kuongelea ada ya shule, umeme na fundi wa bomba, maneno yakaisha. Nikaweka muziki. Gitaa likaanza kukwaruza, halafu mwanaume akaanza kuhema na kupiga mayowe kama mtu anayekimbizwa makaburini.

"Mama Junior," mume wangu akainua kichwa, "hicho nacho ni nini?"

Swali zuri. Jibu lake ndiyo stori ya mwezi huu.

Hawa ni akina nani?

Bendi ni The Cramps, ya Marekani, na albamu yao ya kwanza, Songs the Lord Taught Us, ilitoka mwaka 1980. Jina maana yake ni nyimbo tulizofundishwa na Bwana, lakini usiiharakishe kwenye kwaya! Ndani kuna mazombi, kijana anayegeuka mbwamwitu na mtu anayevaa miwani ya jua usiku. Kama ulitazama tamthilia ya Wednesday mwaka 2022, ule wimbo uliomchezesha binti pale kwenye dansi ya shule, Goo Goo Muck, ni wao. Waliutoa 1981.

Walichukua rockabilly, ule muziki wa miaka ya 1950 uliochanganya country ya Wazungu wa Kusini na blues ya Weusi, wakautia fujo za punk na vitisho vya sinema. Mchanganyiko huo ndio watu wanauita saikobili, na wao ni miongoni mwa waliofungua njia.

Lifti ya Sacramento

Mwaka 1972, huko Sacramento, California, kijana Erick Purkhiser alikuwa anaendesha gari. Akamwona msichana barabarani anaomba lifti. Akasimama. Huyo alikuwa Kristy Wallace, na hawakuachana tena.

Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja: santuri za zamani. Wakahamia Ohio, kwao mwanaume, wakawa wanachakura kwenye maduka ya mitumba kutafuta santuri ambazo wenzao walishazisahau. Mwaka 1975 wakaenda New York, wakajipa majina mapya, yeye Lux Interior na mwenzake Poison Ivy, na Novemba 1976 wakapanda jukwaani pale CBGB kwa mara ya kwanza.

Hebu fikiria, msomaji wangu. Wapenzi wengi tuna kitu tunachokipenda pamoja. Wangapi tumewahi kukifanyia kazi?

Nani afanye nini?

Albamu waliirekodi Memphis mwaka 1979, kwenye studio ya Sam Phillips, yule yule aliyemrekodi Elvis Presley alipoanza. Prodyuza alikuwa Alex Chilton. Nick Knox alipiga ngoma, Bryan Gregory gitaa la pili. La besi halikuwepo kabisa! Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunaweza kuhisi nyumba imekosa msingi, lakini sikiliza tena: gitaa la Ivy ndilo limebeba nyumba nzima.

Na hapo ndipo penye somo. Lux alikuwa mtu wa jukwaa: viatu virefu vya kike, nguo kuchanika, kupanda juu ya spika. Ivy alisimama ametulia, anapiga. Ukimwangalia haraka ungesema ni pambo la bendi. Wapi! Nyimbo mpya za albamu hii waliandika pamoja, na ilipotoka Stay Sick! mwaka 1990, prodyuza alikuwa Ivy. Hawakushindania kiti kimoja. Kila mmoja alikijua chake, na hakuona haya kung'aa kwa mwenzake.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Gregory aliondoka mwaka huo huo wa 1980, na baada yake wakaja na kuondoka wengine wengi. Waliobaki mpaka mwisho ni wale wawili wa lifti.

Gharama yake

Tarehe 4 Februari 2009 Lux alifariki, akiwa na miaka 62. Miaka kama 37 pamoja. Bendi nayo ikaishia hapo. Ukijenga kitu na mpenzi wako, siku akiondoka unapoteza mtu na kazi kwa mpigo. Sitakudanganya, hilo linanitisha. Ila linanitisha zaidi kufika miaka 37 tukiwa hatujajenga chochote zaidi ya bili.

Turudi sebuleni. Albamu inafungwa na Fever, wimbo ambao Little Willie John aliutoa 1956 na Peggy Lee akaupa umaarufu zaidi 1958. Wao wameuimba polepole, gizani, kama siri ya watu wawili. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kelele tu," akasema. Kisha akaweka simu chini. "Hivi zile kanda zangu za dansi uliziweka wapi?"

Tulizikuta juu ya kabati saa sita usiku, vumbi tupu. Redio ya kuzipigia hatuna. Jumamosi ijayo tunaenda kuitafuta, wote wawili.

Wewe na wako, kabatini kwenu kuna nini?