Bagamoyo Maji Yanapokupwa

Mji wa Bagamoyo uko kaskazini mwa Dar es Salaam, umbali wa kilomita 70 hivi kwa barabara ya lami, na mkazi wa Kinondoni anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila haraka. Mkazi wa Temeke, kwa upande wake, hana budi kuondoka alfajiri, kwa kuwa inambidi alivuke jiji zima kabla ya kufika Makumbusho kupanda basi dogo, na mara nyingi kipande hicho cha foleni ndicho kinachomchosha kuliko safari yote iliyobaki. Baada ya Tegeta na Boko maduka huanza kuachana, na Bunju ikishapitwa msafiri huwa ameingia Mkoa wa Pwani, ambako Mapinga, Kerege na Zinga zinaendelea kujaa nyumba mpya, nyingine zikiwa bado ni msingi na nondo tu.

Wageni wengi huenda Bagamoyo kwa ajili ya historia ya utumwa, wala hawakosei, lakini kupanda na kushuka kwa mji huo hueleweka vizuri zaidi kwa kuangalia jambo lisilo na kibao wala kiingilio, nalo ni kina cha maji.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, ambako hufikiwa kwa bodaboda au bajaji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya nguzo, yaani makaburi yaliyosimamishiwa mnara mwembamba kama alama ya heshima ya aliyezikwa. Kuta zote zilijengwa kwa matumbawe, mawe yatokanayo na viumbe wa baharini, yakashikamanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Anayeisogelea nguzo huona vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, na ingawa bakuli zenyewe hazipo tena mahali pake, vishimo hivyo vyatosha kuonyesha kwamba watu wa Kaole walikuwa na biashara ya mbali na fedha ya kujionyesha. Magofu hayo hayajaachwa kabisa na walio hai, kwani katika kaburi linaloitwa la Sharifa watu bado hufika kuomba dua. Kinachoshangaza ni kwamba bandari hii haina bahari: tope na mchanga viliujaza mwambao, mikoko ikaota, na leo msitu wake umesimama kati ya misikiti na maji.

Bagamoyo ilistawi baadaye, hasa katika karne ya 19, kwa kuwa ilitazamana na Zanzibar na ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo waliofanya kazi kwa ujira, wengi wao Wanyamwezi, ambao walipiga kambi mjini wakingoja mzigo wa kurudi nao bara. Jina la mji huhusishwa na kubwaga moyo, na hufasiriwa kwa namna mbili: kwa mtumwa ni kukata tamaa kabla ya kuvushwa bahari, na kwa mpagazi ni kutua mzigo na kupumzika. Maana ya pili inaelekea kuwa na uzito zaidi, kwa sababu wapagazi ndio walioujaza mji kila mwaka. Hata mwili wa David Livingstone ulifika hapa Februari 1874 kwa miguu ya wachukuzi, Chuma na Susi wakiwa miongoni mwa viongozi wao, ukapokelewa katika misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Mnara uliopo hapo unaitwa kwa jina la aliyebebwa.

Wajerumani waliifanya Bagamoyo kuwa makao yao makuu, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, ambako meli kubwa zingeweza kuingia katika bandari yenye kina na kinga, tofauti na Bagamoyo, zilikotia nanga mbali na pwani. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi wa njia ile ikawa imekwisha. Boma la Bagamoyo, lililojengwa mwaka 1897, lilikuja wakati makao makuu yamekwishahama.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa macho na ashuke soko la samaki, jirani na jengo la zamani la forodha, wakati maji yamekupwa, yaani bahari imerudi nyuma. Mashua hulala ubavu juu ya tope, na wavuvi hutembea majini hadi magotini, ndoo za samaki vichwani, wakielekea mnadani. Jioni sehemu ya samaki hao huwekewa barafu na kupakiwa, ikafuata barabara ileile ya Bunju na Tegeta hadi Dar es Salaam.