Kunde zimo ghalani, mtoto anakunywa uji mtupu

Tupige hesabu ya kikombe kimoja. Mama wa Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, akimpikia uji wa uwele mtoto wa miezi minane, huufanya mwepesi ili unyweke. Sehemu tisa kati ya kumi za uji huo ni maji, na kikombe cha mililita 200 hubeba kalori 70 hivi. Mtoto wa umri huo anahitaji kalori zipatazo 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na zile anazopata kwa kunyonya. Akiwa na kilo nane, tumbo lake hujaa kwa mililita 240 hivi kwa mlo mmoja. Analala ameshiba maji.

Hali hiyo ikiendelea mwezi baada ya mwezi, urefu wake hubaki nyuma ya umri wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16.

Nafaka peke yake ina upungufu mwingine. Protini ya uwele, mtama na mahindi ina kiasi kidogo cha laisini, kiungo ambacho mwili hauwezi kujitengenezea na bila hicho misuli na mifupa haijengeki vizuri. Jamii ya kunde ina laisini tele, ila imepungukiwa methionini, ambayo nafaka inayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Na Singida haina haja ya kuagiza chochote kutoka mbali: kunde, mbaazi, choroko, dengu na njugu mawe zinalimwa hapo hapo, kwenye ardhi ile ile yenye mvua haba.

Tatizo ni kwamba nyingi hutazamwa kama fedha tu. Agosti 2017, India ilipowekea mipaka uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka na baadhi ya wakulima nchini waliziacha zikaukie shambani. Kwangu hilo ni jambo la kusikitisha sana. Zao lenye protini zaidi ya asilimia 20 halikosi kazi kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, hata mnunuzi asipotokea.

Maandalizi ndiyo yanayohitaji mwalimu. Kunde mbichi zina kinga zake za asili: baadhi huzuia vimeng'enya vya tumboni kusaga protini, na faiteti hushika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Ndiyo maana hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, maganda yakatolewa, kisha zikachemshwa mpaka zipondeke kwa mwiko bila kulazimishwa. Maharage mekundu yasipotokota vizuri hutapisha na kuharisha hata mtu mzima. Kuloweka pia huokoa kuni, na kwa mama anayezifuata mbali hiyo si faida ndogo. Rojo lililopondwa huchanganywa na uji mzito, kadiri ya sehemu moja ya kunde kwa tatu za nafaka. Unga wa ubuyu ukinyunyizwa baada ya kuepua, vitamini C yake husaidia mwili kufyonza chuma. Asali ya Manyoni na Itigi, pamoja na sifa zake zote, isubiri mtoto atimize mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu kali kwa mtoto mchanga.

Uji mzito mtoto atauwezaje? Hapa kuna jibu ambalo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ililifanyia kazi tangu miaka ya 1980: kimea. Kijiko kimoja cha unga wa nafaka iliyochipushwa, kikitiwa kwenye uji mzito wenye moto, hukata wanga na kuulainisha bila kuongeza maji. Kisha uji huchemshwa tena. Wanawake wanaotengeneza pombe ya kienyeji wanakijua kimea vizuri. Kwa mtama, vichipukizi na vijizizi viondolewe kabla ya kusaga kwa sababu vina sumu.

Sikubaliani na ule unga wa lishe unaorundikiwa kila kitu, mahindi, ngano, soya, karanga, mchele na dagaa, ukasagwa wa miezi mitatu. Kila kimoja huiva kwa wakati wake, mafuta ya karanga huchacha, na punje moja yenye ukungu huchafua debe zima. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu kwa jirani zetu wa Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Nafaka moja na kunde moja, kidogo kidogo, zinatosha.

Mafunzo hayakukosekana. Mradi wa Boresha Lishe wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulifika Ikungi na Singida Vijijini, ENRICH wa World Vision ulifanya kazi Singida na Shinyanga, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hukusanya akina mama kila robo mwaka. Lakini mama akisomewa makundi ya vyakula chini ya mti huondoka na majina tu. Akipika uji huo mwenyewe kwenye jiko darasa, akaonja, akamlisha mwanawe na kumwona anamaliza, ataupika tena nyumbani. Bibi naye aitwe, kwa sababu msimu wa jembe yeye ndiye anayebaki na mtoto. Baba aitwe pia, maana mara nyingi ndiye anayeamua magunia mangapi yauzwe. Darasa lifanyike Agosti au Septemba, mvua zikiwa bado mbali na kunde za msimu hazijaisha ghalani.